Kinasa video cha nyumbani: uliza kwanza kama rekodi itatoka

Anayetafuta kinasa video cha nyumbani mara nyingi ana kazi mbili mkononi na anadhani ni moja. Anataka kurekodi taarifa ya habari, mechi au tamthilia aitazame akirudi kazini. Papo hapo ana sanduku la kanda za VHS, harusi ya shangazi, maulidi, kipaimara, safari ya babu, na anataka ziingie kwenye kompyuta kabla hazijaota ukungu. Dukani ataonyeshwa kifaa kimoja na kuambiwa kinafanya yote. Hakuna kifaa kimoja kinachofanya yote mawili vizuri, kwa sababu kazi ya kwanza ni kuhifadhi data ambayo tayari ni ya dijitali, na ya pili ni kugeuza mawimbi dhaifu ya analojia kuwa namba. Ugumu wa kazi hizi mbili haukai mahali pamoja.

Lipo hata hivyo swali moja linalozihusu zote, nalo liulizwe kabla ya bei: nikisharekodi, je, faili itatoka kwenye kifaa hiki na kufunguka kwenye kifaa kingine?

Kilichobadilika

Enzi za analojia, deki ya VHS ilikuwa na tyuna yake ndani, yaani sehemu inayopokea matangazo. Waya wa antena uliingia kwenye deki, kisha ukaendelea hadi kwenye televisheni. Uliweza kurekodi chaneli moja huku ukitazama nyingine, na kanda ikachezwa kwa jirani bila shida. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ikakamilisha mwaka 2015. Tangu hapo tyuna ya deki, pamoja na ile ya vinasa vya DVD vilivyokuja baada yake, haina cha kupokea. Vifaa hivyo bado vinarekodi, ila vinarekodi tu kile kinachopitishwa na king'amuzi kwenye waya wa njano, mweupe na mwekundu, yaani chaneli ileile iliyo kwenye skrini. Ukitaka kurekodi usiku ukiwa umelala, lazima utege saa kwenye vifaa viwili: king'amuzi kiwake kwenye chaneli husika, na deki ianze kurekodi. Kimoja kikikosa, asubuhi unakuta skrini nyeusi ya saa mbili.

Picha nayo inashuka. Matangazo ya ardhini ya DVB-T2, yaani mfumo wa dijitali unaopokewa kwa antena ya kawaida, hufika yakiwa tayari ni mkondo wa data uliobanwa. King'amuzi huufumua, huugeuza kuwa analojia na kuusukuma kwenye waya. Kinasa cha DVD huupokea, huurudisha kuwa dijitali na kuubana upya. Kila hatua hapo inapunguza kitu. Kinasa kilicho ndani ya king'amuzi hakipitii mzunguko huo. Kinachukua mkondo kama ulivyofika na kuuandika kwenye fleshi, na nakala inakuwa sawasawa na kilichorushwa. Kwa televisheni ya leo, basi, kinasa bora ni king'amuzi chenyewe, mradi kiwe cha aina inayofaa.

Kurekodi kutoka hewani

Ving'amuzi vingi vya DVB-T2 vya bei nafuu vina tundu la USB, na kwenye boksi pameandikwa PVR. Herufi hizo zinasema tu kwamba kinarekodi. Hazisemi kama rekodi inaandikwa wazi au inafungwa kwa msimbo. Kikiandika wazi, kwenye fleshi utakuta folda (baadhi huiita ALIDVRS2) na ndani yake faili za aina ya .ts au .mts, ambazo VLC, programu ya bure ya kuchezea video, itazifungua kwenye kompyuta yoyote. Kikifunga, utakuta faili kubwa zenye majina ya ajabu ambazo hakuna programu inayozisoma isipokuwa king'amuzi kilekile kilichozirekodi.

Ving'amuzi vya kulipia huwa katika kundi hili la pili. Explora ya DStv, iliyoingia sokoni mwaka 2013, ina diski ngumu ndani na hurekodi kwa ustadi: unasimamisha matangazo mubashara, unarudisha nyuma, unarekodi mfululizo mzima wa tamthilia kwa kubonyeza mara moja. Kwa mtu anayetaka kutazama na kufuta, ni kifaa kizuri na hana haja ya kutafuta kingine. Kwa mtu anayetaka kuhifadhi hakifai, kwani rekodi zimefungwa kwa kisanduku hicho, na diski ikichomolewa na kuwekwa kwenye kompyuta haitoi picha. Kisanduku kikifa, na rekodi zimekufa.

Televisheni zenyewe, zile zenye kitufe cha kurekodi kwenye rimoti, huwa na tabia ileile: zinaifomati diski upya kwa mfumo ambao Windows haiusomi, na kuifunga kwa televisheni hiyo moja. Nyingine zina menyu ya kurekodi lakini kazi yenyewe imezimwa kwa soko la nchi fulani.

Njia ya kujua ni kufanya jaribio dukani, na muuzaji asiyekubali jaribio hili usimnunulie. Nenda na fleshi yako na kompyuta mpakato yenye VLC. Rekodi dakika tano za chaneli ya bure, kisha dakika tano za chaneli ya kulipia kama king'amuzi kina kadi. Simamisha rekodi kwa rimoti, subiri taa ya fleshi itulie, chomoa, fungua kwenye kompyuta. Fanya hivyo kwa chaneli zote mbili, kwa sababu kuna ving'amuzi vinavyoacha chaneli za bure wazi na kufunga zile za kulipia tu. Chaneli hiyohiyo inaweza kurekodiwa wazi kwenye king'amuzi kimoja na kufungwa kwenye kingine.

Baada ya hapo yaje mahesabu ya nafasi. Kanuni ni rahisi: kila megabiti 1 kwa sekunde ni GB 0.45 kwa saa. Chaneli ya kawaida inayorushwa kwa megabiti 3 itakula GB 1.35 kwa saa, na ya HD ya megabiti 8 itakula GB 3.6. Hapa ndipo kosa la kawaida kuliko yote linapojitokeza. Fleshi nyingi hufomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, na FAT32 haikubali faili moja kuzidi GB 4 na ushee. Kwa chaneli ya HD ya megabiti 8 mpaka huo unafikiwa baada ya dakika kama 70. Mechi inakatika kipindi cha pili kinapokolea, na mwenye kifaa anadhani fleshi imeharibika. Ving'amuzi vilivyotengenezwa kwa uangalifu hukata rekodi vipandevipande na kuendelea. Vingine husimama tu. Kama chako kinakubali NTFS au exFAT, fomati hivyo. Kama hakikubali, rekodi kwa vipande vya saa moja.

Fleshi yenyewe ichaguliwe kwa makini. Megabiti 8 kwa sekunde ni sawa na megabaiti 1 tu, kasi ambayo kwa makaratasi kila fleshi inaimudu. Tatizo ni kwamba fleshi hafifu huandika kwa kusitasita: inakimbia, inaganda sekunde kadhaa, kisha inakimbia tena, na ikiganda picha inaruka. Kuna pia fleshi za udanganyifu zinazodai GB 128 huku ndani zina GB 8. Zinarekodi vizuri hadi nafasi ya kweli iishe, kisha zinaandika juu ya zilichoandika. Programu ya H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux, itaijaza fleshi nzima na kuisoma tena ili kuthibitisha ukubwa wake. Ifanye kabla ya rekodi ya kwanza.

Diski ngumu ya nje ni bora kwa rekodi ndefu, lakini ina mtego wake wa umeme. Tundu la USB la king'amuzi kwa kawaida hutoa nusu ampea, na diski ndogo inaweza kuhitaji zaidi ya hapo inapoanza kuzunguka. Ukisikia inagonga tik-tik na kupotea kwenye menyu, usiilaumu diski. Tumia yenye adapta yake ya umeme, au SSD, ambayo haina sehemu ya kuzunguka.

Kuhusu kurekodi chaneli moja huku ukitazama nyingine, king'amuzi chenye tyuna moja kinaweza kwa masharti. Masafa mamoja hubeba chaneli kadhaa kwa pamoja, kundi ambalo mafundi huliita muksi. Tyuna ikishashika muksi moja, unaweza kuhama ndani ya kundi hilo wakati rekodi inaendelea. Nje ya hapo utaulizwa usimamishe rekodi. Familia yenye mgongano wa saa mbili usiku itafute chenye tyuna mbili.

Kutega saa kuna mambo madogo yanayoharibu mengi. Zima king'amuzi kwa rimoti, taa ibaki nyekundu. Ukizima ukutani, hakitaamka. Usitegemee ratiba ya kwenye skrini peke yake, maana mara nyingi haijazwi au haisahihishwi vipindi vinaposogea. Tega kwa saa, ukianza dakika 5 kabla na kumaliza dakika 15 baada, na kwa mechi ongeza dakika 45 kwa ajili ya muda wa nyongeza na penalti. Hakikisha saa ya king'amuzi inasoma saa ya Afrika Mashariki, yaani saa 3 mbele ya GMT. Ikiwa imewekwa vibaya, rekodi zote zitateleza kwa saa nzima.

Umeme ukikatika katikati ya rekodi, king'amuzi hakipati nafasi ya kuifunga faili ipasavyo. Data ipo kwenye diski lakini orodha haijaandikwa, na faili inaonekana ina ukubwa wa sifuri. Wakati mwingine chkdsk, programu ya Windows ya kukagua diski, huirudisha. Kinga ni bora: ving'amuzi vingi hutumia volti 12 na ampea 1 hadi 2, kama kibandiko cha chini kinavyoonyesha, na UPS ndogo ya volti 12, kama zile za ruta, itakishikilia mpaka umeme urudi au rekodi iishe. Kumbuka kwamba diski yenye adapta yake nayo inahitaji kushikiliwa.

Kwa anayerekodi kwa wingi, mathalani mtafiti anayefuatilia taarifa za habari kila siku, king'amuzi cha dukani kitamchosha. Suluhisho lake ni tyuna ya USB ya DVB-T2 kwenye kompyuta ndogo inayowaka saa zote, au Raspberry Pi yenye bodi yake ya TV HAT, pamoja na programu ya bure ya Tvheadend. Hiyo hurekodi chaneli za bure moja kwa moja kama faili ya .ts, huweka tarehe na jina yenyewe, na hutegwa kwa kivinjari ukiwa popote ndani ya mtandao wa nyumbani. Kwa dishi, vipokezi vinavyoendeshwa na programu ya Enigma2 kama Vu+ na Dreambox hufanya kazi hiyohiyo kwa chaneli za bure. Mipangilio ya kwanza inachukua jioni nzima na inahitaji subira, lakini hakuna njia nyingine inayokupa faili safi kiasi hiki.

Rekodi ya .ts usiibane upya ili tu ipungue ukubwa. Ibadilishe chombo peke yake, yaani aina ya faili inayobeba picha na sauti, zenyewe zikibaki kama zilivyorushwa. Kwa ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri, amri ni hii:

ffmpeg -i habari.ts -map 0:v -map 0:a -c copy habari.mkv

Inamaliza saa nzima ya rekodi kwa dakika chache, na hakuna kinachopotea. Kukata matangazo ya biashara kwafaa kufanywe kwa programu isiyobana upya pia, kama LosslessCut.

Kanda za zamani: fedha ianzie kwenye deki

Sasa kazi ya pili. Watu hununua kompyuta nzuri na kifaa ghali cha kukapcha, yaani cha kuingiza picha ya deki kwenye kompyuta, kisha wanakiunganisha na deki chakavu iliyookotwa stoo. Iwe kinyume chake. Kanda ya VHS inabeba picha ya takriban mistari 240 kwa upana, na kila kasoro ya deki inaingia ndani ya rekodi na kubaki humo. Kompyuta haiwezi kurudisha kilichokosekana kwenye kichwa cha kusomea.

Deki mpya hazipo. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kuzitengeneza, iliacha Julai 2016. Utakayonunua imetumika, kwa hiyo ikague. Nenda na kanda usiyoijali. Icheze robo saa, ipeleke mbele hadi mwisho, irudishe mwanzo, itoe na kuiingiza mara tatu. Kisha fungua kifuniko cha mbele cha kanda na uangalie ukingo wa utepe: ukiona mikunjo midogo ukingoni, roli ya mpira imekauka au miongozo imepinda, na deki hiyo itaharibu kanda ya harusi. Sauti inayoyumba kama inavutwa ni mkanda wa mpira uliolegea, jambo ambalo fundi hulirekebisha kwa bei ndogo.

Tafuta deki yenye sauti ya Hi-Fi, kwa sababu kanda zilizorekodiwa hivyo zina njia ya sauti iliyo safi mno ambayo deki ya mono haiisomi. Ikikwaruza, badilisha kwenye menyu isome njia ya kawaida. Kama bajeti inaruhusu, tafuta deki ya S-VHS, yaani VHS iliyoboreshwa, yenye tundu la S-Video, hata kama kanda zako ni za VHS ya kawaida. S-Video hupeleka mwanga na rangi kwa njia mbili tofauti, na ule utando wa nukunuku kwenye kingo za rangi hutoweka. Baadhi ya S-VHS, kama Panasonic NV-FS200 na zile za JVC zenye DigiPure, zina pia kisahihisha muda ndani yake, ambacho mafundi hukiita TBC.

TBC ndiyo nyama ya mada hii. Utepe hausafiri kwa mwendo ulio sawa kabisa, unanyumbuka, unatetema. Kila mstari wa picha unaanza mapema kidogo au umechelewa kidogo. Televisheni ya kioo cha zamani iliufuata mtetemo huo bila taabu. Kifaa cha dijitali kinategemea kila mstari uanze kwa wakati wake, na ukikosa, sehemu ya juu ya picha inapinda kama bendera, mistari wima inakuwa na mawimbi, au fremu nzima inatupwa. Fremu zikitupwa, picha inaanza kuitangulia sauti, na ndiyo maana nakala nyingi za harusi zina mc anayefungua mdomo kabla sauti yake haijasikika. TBC huipokea mistari hiyo, huipanga upya na kuitoa kwa vipimo sahihi.

TBC za studio ni ghali. Njia inayotumiwa sana na wapenzi wa kazi hii ni kinasa cha DVD cha Panasonic, hasa DMR-ES10 na DMR-ES15, lakini si kwa kurekodi. Unaingiza waya kutoka deki kwenye tundu la AV, unachagua ingizo hilo, na unatoa picha upande wa pili kwenda kompyuta. Saketi zake huinyoosha picha inapopita. Kinasa cha DVD kilichokwama kabatini kinaweza kupata kazi mpya hapa hata kama kisomea-diski chake kimekufa.

Vipi kurekodi moja kwa moja kwenye DVD, kama ilivyozoeleka? DVD ya GB 4.7 hubeba saa 1 kwa kiwango cha XP na saa 2 kwa SP. Ukienda LP kwa saa 4 au EP kwa saa 6 picha inavunjika vipande vya mraba kila watu wanapocheza. Diski isipofungwa mwishoni kwa amri ya kinasa, haisomeki kwingine. Rangi iliyo ndani ya DVD-R huchuja kwa joto na mwanga. Kwa kumpa mama nakala ya kutazama, ni sawa. Kwa hifadhi ya kudumu, siipendekezi.

PAL, NTSC na SECAM

Hii ni mifumo mitatu ya rangi ya televisheni ya analojia. Tanzania, Kenya, Uganda na Oman zilitumia PAL, hivyo kanda kutoka Muscat itachezwa Zanzibar bila mabadiliko. Televisheni za Kongo ya Kinshasa na Burundi zilitumia SECAM. Kanda iliyorekodi matangazo yao, ukiicheza kwenye deki ya PAL pekee, itatoka nyeusi na nyeupe. Kanda za ndugu waliokuwa Marekani ni NTSC. Deki nyingi za PAL huzicheza, ila hutoa mchanganyiko uitwao PAL 60, ambao televisheni huupokea vizuri huku vifaa vya kukapcha vikiuona bila rangi. Angalia kama kifaa chako kina chaguo la PAL-60. Kama hakina, tafuta deki inayotoa NTSC halisi.

Anayefikiria kununua deki Marekani na kuileta nyumbani ajue kwamba nyingi za huko husoma NTSC tu na hutumia volti 120. Ukiichomeka kwenye tundu letu la volti 230 au 240 bila transfoma inaungua papo hapo.

Ukungu

Pwani ya Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar unyevu ni adui mkubwa kuliko umri. Tazama kupitia dirisha la kanda: madoa meupe au ya kijivu juu ya utepe uliovingirishwa ni ukungu. Kanda hiyo usiichezeshe. Itapaka vichwa uchafu, na deki itauhamishia kwenye kanda inayofuata. Itie kwenye mfuko uliofungwa, mbali na nyingine. Gamba la VHS lina skurubu tano. Fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kulifungua, kusafisha utepe na kuuhamishia kwenye gamba safi. Avae barakoa, maana vumbi lile linadhuru mapafu.

Kanda isiyo na ukungu nayo ina maandalizi. Ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kuingia kwenye joto, iache saa mbili, la sivyo matone ya unyevu yataunasa utepe kwenye ngoma ya deki. Kisha ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha, ili ijikaze sawasawa. Vunja kijino cha plastiki cha mgongoni kabla hujaigusa deki, isije ikafutwa kwa kidole kilichokosea kitufe.

Vichwa vya deki visafishwe deki ikiwa imechomolewa kwenye umeme, kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi kilicholowa isopropili ya asilimia 99. Shikilia kitambaa kikiwa kimetulia na uzungushe ngoma kwa mkono. Usisugue juu-chini, vichwa ni vipande vyembamba mno na vitavunjika. Vijiti vya pamba vya masikio havifai, nyuzi zake hunasa humo humo.

Kuingiza kwenye kompyuta

Vifaa vya USB vya bei ya chini kabisa, vinavyofanana kwa nje, hubadilishwa chipu ya ndani bila jina kubadilika, na dereva inayofanya kazi kwa kimoja inakataa kwa kingine. Hauppauge USB-Live2 na I-O Data GV-USB2 vinaaminika zaidi. Epuka vile visanduku vidogo vya kugeuza AV kuwa HDMI kwa ajili ya hifadhi: huchanganya nusu-picha vibaya na kuvuta umbo la picha, na kosa hilo haliondoki.

Hizo nusu-picha zina uzito wake. Video ya PAL haina fremu 25 kamili kwa sekunde. Ina nusu-picha 50, moja yenye mistari ya shufwa na moja ya witiri, na kila moja imenaswa kwa wakati wake. Nakala kuu lazima izitunze zote kama zilivyo. Kapcha kwa VirtualDub, ukubwa wa 720 kwa 576, fremu 25, rangi za YUY2, sauti ya 48 kHz. Tumia kodeki, yaani njia ya kubana video, isiyopoteza kitu, kama Huffyuv au FFV1. Bila kubana chochote, saa moja ingekuwa karibu GB 75. Kwa Huffyuv inashuka hadi takriban GB 30. Kanda ya E-180 iliyojaa, ambayo ni saa 3, itakula karibu GB 90. Kanda 20 za hivyo ni TB 1.8, kwa hiyo diski ya TB 2 itabana sana.

Asiye na nafasi hiyo atumie MPEG-2 ya megabiti 8 hadi 9, nusu-picha zikitunzwa, ambayo ni kama GB 4 kwa saa. Ni hifadhi ya kuridhisha kwa kanda ya kawaida.

Wakati wa kukapcha, kitazame kihesabio cha fremu zilizotupwa. Mbili tatu kwa saa si neno. Zikiwa makumi, tafuta sababu: kifaa kimechomekwa kwenye habu badala ya tundu la kompyuta, antivirusi inakagua diski, kompyuta imejiweka kwenye hali ya kuokoa betri, au deki inahitaji TBC. Mstari uliochafuka chini kabisa ya picha si hitilafu. Ni mahali vichwa vinapopishana, na katika nakala kuu uachwe.

Nakala ya kutazama ndiyo ya kupendezesha. Hapo ndipo unapounganisha nusu-picha kwa chujio la QTGMC, au bwdif ya ffmpeg kama unataka wepesi, utoe fremu 50 kamili kwa sekunde na kubana kwa kodeki ya H.264 kwa kiwango cha ubora cha CRF 18. Nakala hiyo nenda nayo kwenye simu na WhatsApp. Ile ya WhatsApp isije ikabaki kuwa nakala pekee, kwa sababu programu hiyo huibana video tena inapoituma.

Kuiweka isipotee

Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nyumba nyingine. Fleshi isihesabiwe, maana ikikaa bila umeme hupoteza chaji polepole. Diski mbili za chapa tofauti, moja kwako na moja kwa ndugu mji mwingine, ni mwanzo mzuri. Tengeneza alama ya SHA-256 ya kila faili, yaani mfuatano wa herufi na namba unaobadilika faili ikibadilika, siku unayoihifadhi, uiandike kwenye faili ya maandishi pembeni yake, na uikague mara moja kwa mwaka. Alama ikibadilika kwenye diski moja, rudisha kutoka nyingine kabla hitilafu haijanakiliwa kote. Jina lianze na mwaka na mwezi, kama 1994-07_harusi_Tanga_kanda1, ili orodha ijipange yenyewe. Majina ya watu walioonekana yaandikwe kwenye faili hiyo ya maandishi, pamoja na dakika wanapotokea.

Anza na kanda zilizopigwa kwa kamera, maana hazina pacha popote, kisha ndiyo zile zilizorekodi televisheni. Kanda za filamu za kununua ziache mwisho: nyingi zina kinga inayofanya mwanga wa picha kupanda na kushuka kwenye nakala. Na rekodi ya matangazo ya mtu mwingine, hata ikiwa safi kiasi gani, ni ya kutazama nyumbani. Kuiuza au kuipandisha mtandaoni kunahitaji ruhusa ya mwenye haki.

Ukishamaliza, kanda usizitupe. Kuna mradi uitwao vhs-decode ambao hauchukui picha kutoka kwenye soketi za deki, bali hudaka mawimbi ghafi moja kwa moja kutoka kwenye vichwa vyake na kuiachia programu ya kompyuta ifanye kazi yote, TBC ikiwemo. Unahitaji kuunganisha waya ndani ya deki na faili zake ni kubwa, kwa hiyo bado ni kazi ya wenye uzoefu. Lakini kwa kanda nyingi matokeo yake huzidi ya kifaa cha USB, na kuyapata lazima utepe wenyewe uwepo. Uhifadhi ukiwa umerudishwa mwanzo, umesimama wima ndani ya boksi lake pamoja na pakiti ya chembe za kunyonya unyevu, mbali na spika na ukuta unaopigwa na jua.